Walioshika kifimbo: rekodi za Urusi kwa walimu wa kwaya wa Mbulu na Hanang

Kwenye jukwaa la okestra, mtu pekee asiyetoa sauti ndiye ambaye jina lake huandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Mwalimu yeyote wa kwaya kutoka Dongobesh hadi Katesh anaijua hali hiyo. Anasimama mbele ya sauti nne akiwa na penseli au mkono mtupu, na besi wakipotea, lawama ni yake.

Rekodi za waongozaji wa muziki hazipimwi kwa saa ya kubonyeza kama za wakimbiaji, ambao sisi huku tunao wa kutosha kujivunia. Filbert Bayi wa Karatu, enzi hizo ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza toka mwanzo hadi utepe. John Stephen Akhwari wa Mbulu yeye alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa 57, wa mwisho kabisa, mguu umefungwa bandeji, na leo anatajwa kuliko aliyeshinda. Waongozaji wa Urusi wako upande wa Akhwari: rekodi zao nyingi ni za kutokukata tamaa.

Aliyedumu kuliko wote na okestra moja ni Yevgeny Mravinsky. Mwaka 1938 alishinda shindano la waongozaji wa nchi nzima, akakabidhiwa Philharmonic ya Leningrad, na hakuiachia hadi alipofariki Januari 1988. Karibu miaka 50! Ndiye aliyeongoza simfonia ya tano ya mtunzi Shostakovich ilipopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, na ya nane ikaandikwa kwa heshima yake. Alikuwa mkali na mchache wa maneno, na kipande ambacho wapigaji wake walikipiga maisha yao yote alikifanyia mazoezi upya kana kwamba kimeletwa jana. Mwanakwaya anayelalamika kurudia ukurasa mmoja jioni nzima ashukuru Mungu hakuzaliwa Leningrad.

Veronika Dudarova alizaliwa Baku mwaka 1916, katika familia ya Waosetia. Mwaka 1947 alianza kuongoza okestra ya simfonia mjini Moscow, wakati ambapo mwanamke kushika kifimbo mbele ya wanaume waliovaa makoti meusi lilikuwa jambo la kushangaza Urusi na Ulaya yote. Kuanzia 1960 hadi 1989 alikuwa mwongozaji mkuu wa Okestra ya Simfonia ya Moscow. Wenzake wa umri ule walikuwa wamestaafu zamani, lakini yeye mwaka 1991, akiwa amepita miaka 70, alianzisha okestra nyingine na kuiongoza hadi 2003. Jumlisha mwenyewe. Kuna sayari ndogo inayozunguka jua iliyopewa jina lake, ingawa mimi naona miaka ile 12 ya mwisho ndiyo heshima kubwa zaidi. Kwaya zetu zimejaa wanawake wanaobeba sauti ya kwanza na ya pili Jumapili hadi Jumapili, na bado anayeinua mkono mbele yao mara nyingi ni mwanamume.

Ningekuwa mimi natoa nishani, hata hivyo, ya dhahabu ingekwenda kwa Karl Eliasberg. Leningrad ilizingirwa na Wajerumani kuanzia Septemba 1941, na majira ya baridi yaliyofuata watu walikufa kwa njaa mitaani. Mravinsky na okestra yake walikuwa wamehamishiwa Novosibirsk. Iliyobaki mjini ilikuwa okestra ya redio, chini ya Eliasberg. Amri ikatolewa kwamba simfonia ya saba ya Shostakovich, kazi ya zaidi ya saa nzima inayohitaji wapigaji kama mia, ipigwe humo humo ndani ya mji. Baadhi ya wapigaji walikuwa wamekwisha kufa. Zoezi la kwanza, Machi 1942, lilipangwa kuchukua saa tatu. Lilikatishwa baada ya dakika 15 kwa sababu wapiga tarumbeta hawakuwa na pumzi. Wakaongezewa posho ya chakula, na wanajeshi wa bendi wakaitwa kutoka mstari wa mbele kuziba mapengo. Tarehe 9 Agosti 1942 mizinga ya Kisovieti iliwapiga Wajerumani kwanza ili kuwanyamazisha, kisha simfonia ikapigwa, vipaza sauti vikiipeleka mitaani na hadi kwenye mahandaki ya adui. Vita vilipokwisha Mravinsky alirudi kwenye kiti chake, na Eliasberg akasahaulika kwa miaka mingi. Mwaka 1964 walionusurika walikusanyika wakaipiga tena, yeye akiongoza.

Muda mfupi kuliko wote ni wa Leo Borchard, mzaliwa wa Moscow mwenye asili ya Kijerumani. Alipewa Philharmonic ya Berlin mara baada ya vita, Mei 1945. Agosti hiyo hiyo mlinzi wa Kimarekani alilipiga risasi gari alilopanda, na akafa.

Na asiyependa mazoezi alikuwa Gennady Rozhdestvensky. Aliongoza kwenye jumba la Bolshoi akiwa na miaka 20 tu, akarekodi simfonia zote 15 za Shostakovich, na aliamini mazoezi mengi huua muziki. Baba yake, Nikolai Anosov, ndiye aliyemfundisha Dudarova.

Kwa upande wetu wa dunia, anayestahili kutajwa ni Armand Diangienda wa Kinshasa, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Kikimbangu. Alikuwa rubani wa ndege, si mwanamuziki wa chuo. Mwaka 1994 alianzisha okestra ya simfonia ya kanisa lao, ala zikiwa chache kiasi cha watu kupokezana, na uzi wa violini ulipokatika uliweza kubadilishwa na waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimfanya mwanachama wa heshima.

Tukirudi kwa Warusi, wao walijaribu pia kufanya kazi bila mwongozaji kabisa. Okestra ya Persimfans ilianzishwa Moscow mwaka 1922: sawa kwa sawa, hakuna bwana. Wapigaji walikaa kwa duara ili waonane macho, na kila uamuzi ulijadiliwa. Ilidumu miaka 10. Mwalimu wa kwaya anayetishiwa kuondolewa kila Pasaka ikiisha anaweza kuwasimulia wanakwaya wake kisa hiki, akiongezea kwamba kwa kukosa mwongozaji mazoezi yalikuwa marefu zaidi.