CD yaweza kuokoa hati kabla kompyuta haijafutwa

KABLA ya mwenye duka la uchapaji Kitengela au Kajiado kukubali kompyuta yake kuukuu iliyokwama ifutwe, yafaa ajaribu CD yenye mfumo wa bure wa Linux, kama vile Knoppix.

Kanuni iitwayo El Torito, iliyotolewa na kampuni za Phoenix na IBM mwaka 1995, huiwezesha kompyuta kuanzia kazi kwenye CD. Katika mipangilio ya BIOS, CD hutangulizwa mbele ya diski kuu. BIOS husoma sehemu nambari 17 ya CD, ambayo huielekeza mahali kilipo kianzio cha mfumo.

Knoppix haihitaji kuandika chochote kwenye diski kuu. Ikiwa diski hiyo haijaharibika, hati zaweza kunakiliwa kwingine. Hapo ndipo fundi aruhusiwe kufuta.