Amri ya Kadhi na Mamlaka ya Mahakama Kuu

Mtu wa Mji wa Kale akifariki na kuacha nyumba, warithi wake Waislamu kwa desturi humwendea Kadhi, naye huamua nani mrithi na fungu la kila mmoja ni lipi. Asiyeridhika huuliza: je, iko mahakama iliyo juu ya Kadhi?

Iko. Yafaa kwanza ikumbukwe asili ya jambo hili. Kwa mapatano ya mwaka 1895 Waingereza walishika utawala wa Mwambao, lakini nchi ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu ilipepea Ngomeni hadi 1963. Maliwali, mamudiri na makadhi waliendelea kuhukumu. Oktoba 1963, uhuru ulipokaribia, serikali za Kenya na Zanzibar zilipatana kwamba makadhi wadumishwe. Liwali na mudiri hawako tena, Kadhi yuko.

Katika Marekani kila jimbo lina mahakama zake, kando ya zile za shirikisho. Kenya haina mpango huo: hata serikali za kaunti hazina mahakimu wao, na Kadhi ni sehemu ya Idara moja ya Mahakama. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, na hayo pia ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Mmoja wao akiwa si Mwislamu, au akikataa, shauri huenda kwingine.

Mwenye kushindwa anaweza kukata rufani Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu, au makadhi wengine wawili, wawe washauri wake. Lakini hukumu ni ya jaji. Hapa ndipo wengi hupotea, na hasara yake ni kubwa: kupeleka rufani peke yake hakuizuii amri ya Kadhi. Ikiwa ameamuru nyumba iuzwe, yaweza kuuzwa huku rufani ikingoja. Lazima mtu aombe amri nyingine ya kusimamisha utekelezaji, na aiombe mapema. Kukaidi amri kwa kusema “nimekata rufani” si kinga.

Juu ya Mahakama Kuu iko Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu. Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo. Viongozi wengi wa Kiislamu waliupinga uamuzi huo, nao wana haki ya kusema. Hata hivyo, kwa kifungu cha 163 cha Katiba, maamuzi ya mahakama hiyo huzifunga mahakama nyingine zote, na ya Kadhi ikiwamo.