Kirusi Kinavyojulikana Ukoo Wake

Sogeeni, wajukuu zangu wa Garsen, nyinyi mnaowajua korongo na yangeyange kuliko mtoto yeyote wa mjini. Leo nawasimulia habari za kirusi.

Mwaka 1996, huko Guangdong nchini China, kirusi cha mafua ya ndege kilipatikana kwa bata bukini wa kufugwa. Uzao wake ungali unazunguka dunia. Januari 2017 tawi moja la ukoo huo, H5N8, lilizuka kwa jirani zetu Uganda. Kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, buabua walikutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na upande wa Masaka wakafa bata na kuku wa nyumbani. Kenya ikazuia kuku wa Uganda wasivuke mpaka.

Ukoo huo ulijulikanaje? Kirusi cha mafua hubeba maagizo yake katika vipande vinane, vyenye herufi zipatazo 13,500 kwa jumla. Ndani ya mwili wa kuku hunakiliwa tena na tena, na makosa hayakosi. Mmeona madrasa: wa kwanza akikosea neno ubaoni, wa pili hulinakili kosa lile na kuongeza lake. Kusanya mbao zote, utajua nani alinakili kwa nani. Wataalamu hupitisha pamba kooni mwa ndege, maabara ikasoma herufi za kirusi, kisha wakazilinganisha na za nchi nyingine. Vile vya Uganda vilikuwa na undugu na virusi vilivyopatikana katikati ya 2016 kwa ndege wa porini, kwenye Ziwa Uvs, mpakani mwa Urusi na Mongolia. Nasema undugu tu, maana herufi hazimtaji ndege aliyekibeba.

Sasa turudi kwetu. Tuseme, Mungu apishe mbali, kuku wanakufa Idsowe na Ngao wiki moja. Herufi zikikaribia kufanana zote, huenda kirusi kimehama boma hadi boma, kwa tenga la mchuuzi, trei za mayai au matope ya viatu. Hapo matenga yasimame. Zikitofautiana sana, kila kijiji kimeambukizwa kivyake, pengine na ndege wa porini wanaotua kwenye mipunga. Kufunga soko peke yake hakutatosha. Bata nao wazuiwe wasiende majini. Ndiyo maana naipenda elimu hii: inamwokoa jirani na lawama zisizo ushahidi, na korongo vilevile. Delta yetu ya Tana imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani tangu 2012, na sitaki ndege wake wauawe kwa hofu.

Macho hayatoshi. Kideri nacho huua kuku banda zima, na dalili zake zaweza kufanana na za mafua haya. Mkikuta ndege wengi wamekufa, msiwaguse wala msiwachinje walio wagonjwa. Mwambieni mzazi amwite afisa wa mifugo, mkamwonyeshe mahali na kumtajia siku. Kila kirusi kilichosomwa hupewa jina lenye aina ya ndege, mahali alipopatikana, namba ya sampuli na mwaka. Namba huitoa maabara. Mahali hupajua yule aliyemkuta ndege.