PICHA YA JAMAA NJE YA NYUMBA: TUJIANDAE VIPI?

Katika toleo hili la jarida letu nimeonelea nieleze jambo ambalo wengi wetu hulifanya ovyo ovyo, nalo ni kujiandaa na kuvaa kwa ajili ya picha ya jamaa inayopigwa nje ya nyumba. Pengine utacheka na kusema, "Picha nayo ni kitu cha kuandikiwa makala? Si unatoa simu tu unapiga?" Ngoja kwanza nikueleze.

Babu yangu aliaga dunia mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, nyumbani kwake upande wa Sang'alo, Bungoma. Picha ya kuweka juu ya jeneza ilipotakiwa, tulitafuta kila mahali. Katika simu ya baba kulikuwa na picha za ng'ombe, za mahindi, za risiti na za sisi watoto. Za babu zilikuwa mbili tu. Katika moja alikuwa amegeuka, na katika nyingine kivuli cha kofia kilikuwa kimemeza uso wote. Mwishowe ilibidi ile picha ndogo ya kitambulisho ipelekwe mjini ikakuzwe. Ilitoka na ukungu, na babu anaonekana kama mtu aliyetishwa na askari. Mimi nilimjua babu akiwa mtu wa kucheka sana. Jioni hiyo baba alisema maneno machache: "Mama hatazikwa na picha ya kitambulisho."

Basi Desemba ya mwaka wa 2024 tukapanga kutoka kwetu Matisi, Kitale, twende Bungoma tupigwe picha pamoja na Kukhu, yaani nyanya. Tulifanya mengine vizuri na mengine vibaya. Haya nitakayoeleza nimejifunza kutokana na yote mawili.

1. SIKU NA SAA

Kwanza chagua majira. Huku kwetu Trans-Nzoia na Bungoma mvua huanza mwezi wa Machi au Aprili, na mara nyingi hunyesha alasiri. Desemba na Januari ni kikavu, na watu wengi wako nyumbani. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama vile 2024, usijisumbue kumtafuta mpiga picha Bungoma, kwa maana ni msimu wa tohara ya Wabukusu na wapiga picha wote wamo kwenye ngoma.

Pili chagua saa. Sisi tunaishi karibu kabisa na Ikweta, kwa hivyo saa sita mchana jua hukaa karibu utosini. Likiwa huko juu, paji la uso hung'aa na macho huingia kwenye mashimo ya kivuli. Mtu mzuri anaonekana kama fuvu. Saa nzuri ni kutoka saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeinama na mwanga wake umepoa. Siku ya mawingu mepesi pia ni nzuri. Wengi hudhani ni mbaya, kumbe mawingu hufanya kazi ya pazia na kuutawanya mwanga sawasawa.

2. MAHALI

Dada zangu walitaka twende kwenye maporomoko ya Nabuyole, katika mto Nzoia karibu na Webuye. Kaka alisema tubaki Kitale tukapigiwe kwenye miti ya Jumba la Makumbusho, lile lililofunguliwa mwaka wa 1974. Mahali pote pawili ni pazuri. Lakini tuliulizana, picha ni ya nani? Kukhu anatembea kwa mkongojo. Mawe ya Nabuyole yana utelezi, na safari ya kuja Kitale ingemchosha kabla ya kamera kufunguliwa. Tukaamua kumfuata kwake, chini ya mwembe alioupanda babu.

Zamani watu walienda studio wakasimama mbele ya pazia lililochorwa. Kule Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha wa miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya meli na ndege, na mtu aliyevuka kwa miguu aliondoka na picha kama msafiri wa ng'ambo. Ukipigiwa nje, pazia lako ni ule uwanja wenyewe. Kwa hivyo ukague kama mwalimu wa zamu. Ondoa nguo kwenye kamba, ndoo, na mitungi ya plastiki. Angalia pia mti au mlingoti usitokee nyuma ya kichwa cha mtu kama pembe. Chini ya mti, epuka mahali ambapo jua linapenya kwenye majani, maana madoa ya mwanga yatawafanya mwonekane kama chui. Tafuta kivuli kizima.

3. MAVAZI

Hapa ndipo penye maneno mengi. Kwanza elewa jinsi kamera inavyofanya kazi. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake kisha hukadiria. Ikiona weupe mwingi, iwe ni mashati au mbingu, hupunguza mwanga, na nyuso zetu nyeusi hubaki kama makaa. Filamu za rangi za zamani zilikuwa na shida zaidi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley. Mpaka ilipofika miaka ya 1990 ndipo zilipotoka kadi zenye watu wa ngozi za rangi mbalimbali. Kwa hivyo ukiona picha ya kale ambamo nyuso za wazee wetu ni giza tupu, usidhani walikuwa hivyo. Mashine haikupimwa kwa ajili yao.

Kutokana na hayo, nashauri hivi:

(a) Epukeni nyeupe tupu kutoka juu hadi chini. Samawati, maruni, manjano iliyoiva na zambarau hupendeza kwenye ngozi yetu. Kijani nacho humezwa na nyasi na majani.

(b) Epukeni vijimistari na vijimiraba vidogo sana. Kwenye kamera za kisasa huonekana kama vinatetemeka. Epukeni pia fulana zenye maandishi, kwa sababu mtazamaji atasoma fulana asitazame uso.

(c) Kofia ivuliwe au isukumwe nyuma. Mkumbuke babu.

(d) Nguo zipigwe pasi siku moja kabla. Zikisafiri, zikunjwe vizuri na zisivaliwe njiani. Kitale iko juu kuliko Bungoma na asubuhi tunavaa sweta. Ukishuka na hiyo sweta kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, utafika Bungoma umelowa jasho.

(e) Kila mtu avae nguo ambayo ni yake na anayoizoea. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtu anayevutavuta kola hawezi kutulia mbele ya kamera.

4. HESABU YA WATU

Sehemu hii ningeweza kuiruka, lakini ndiyo iliyonifanya niandike.

Mama alitaka sote tuvae kitenge cha aina moja. Kazi ya kuandika orodha nilipewa mimi kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nikaandika: baba, mama, kaka, mimi, dada zangu wawili, na Kukhu. Watu saba. Tulinunua vipande vitatu vya yadi sita sita sokoni Kitale kwa shilingi 3,600, na fundi wa cherehani akachukua 4,000. Baba aliguna, akasema hiyo ni karo, lakini akatoa.

Tulifika Sang'alo Ijumaa jioni. Kukhu alifungua mfuko, akatoa nguo moja moja na kuziweka kwenye kiti huku akihesabu polepole. Zilipokwisha akaingiza mkono tena kwenye mfuko uliokuwa mtupu. Kisha akauliza, "Na ya huyu iko wapi?"

Mlangoni alikuwa amesimama binamu yangu, amebeba jagi la maziwa aliyokuwa ametoka kukamua. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu aliyefariki. Ndiye anayeishi na Kukhu, anamtekea maji na kumsindikiza hospitalini. Babu alipougua usiku ule wa mwisho, ndiye aliyekimbia kumtafutia bodaboda. Nami sikumwandika. Sikuwa na ubaya wowote moyoni, wallahi. Nilisahau tu. Lakini kusahauliwa na mtu asiyekuchukia pia kunauma, labda zaidi.

Sote tulinyamaza. Binamu akasema, "Hakuna shida. Mimi nitawashikia mifuko." Alisema kwa upole tu, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

Kukhu hakugomba. Aliikunja nguo yake ya kitenge, akairudisha mfukoni na kusema, "Basi mimi nitavaa ile yangu ya samawati ya kanisani." Mama akamwangalia, akaelewa. Akauliza nani ana kitu cha samawati. Kumbe kila mtu alikuwa nacho! Baba alikuwa na shati, kaka alikuwa na fulana isiyo na maandishi, mimi sketi, mama leso, wadogo zangu riboni, na binamu shati lake la samawati lililofifia kidogo kwenye kola. Rangi ambayo tungeweza kuichagua bure ilikuwa masandukuni mwetu siku zote. Vitenge tulivivaa kanisani Jumapili.

Kwa hivyo fundisho langu kubwa ni hili: hesabu watu kabla ya kuhesabu nguo. Muulize mwenye boma nani ni wa nyumba hii. Usijibu mwenyewe. Kisha chagueni rangi ambayo hata aliye na nguo chache zaidi anayo. Msifanye sare ya kununua, kwa maana sare humwacha nje yule asiyenunuliwa.

5. SIKU YENYEWE

Nywele zisukwe siku mbili kabla, ili uso usivutwe na maumivu. Msijipake mafuta mengi usoni, kwani yatameremeta. Futeni jasho kwa leso. Viatu vipigwe rangi hata kama mtasimama nyasini. Watoto wale kwanza, kwa sababu mtoto mwenye njaa hawezi kudanganywa na kamera.

Katika kupanga watu, wazee wakae kwenye viti katikati, nasi tusimame kando na nyuma, warefu nyuma. Msiachane nafasi kama watu wanaongoja matatu. Sogeleaneni mpaka mabega yagusane. Na msikaze nyuso! Mwaka wa 1839 Louis Daguerre wa Ufaransa alipotangaza njia yake ya kupiga picha, ilibidi mtu akae bila kutikisika kwa dakika kadhaa, na kicheko ni kigumu kushikilia muda wote huo. Siku hizi kamera inahitaji nukta tu, kwa hivyo hatuna kisingizio. Mpiga picha wetu alikuwa hodari. Alimuuliza Kukhu bei ya ng'ombe wake, Kukhu akataja bei ya kumfukuza mnunuzi, sote tukacheka, naye akapiga.

Binamu alitaka kusimama mwisho kabisa, pembeni. Kukhu akagonga ardhi kwa mkongojo upande wake wa kulia. Akaja akasimama hapo.

6. BAADA YA PICHA

Usiiache picha ndani ya simu. Simu huibwa, huanguka majini, na huharibika. Chagueni mbili au tatu zisafishwe kwenye karatasi, moja ibaki kwa wazee na nyingine kwenu. Nyuma yake andikeni kwa penseli, bila kukandamiza, mahali, tarehe na majina ya watu wote. Wajukuu wetu hawatatujua kwa sura.

Kazi hiyo pia nilipewa mimi. Safari hii nilianza na jina la binamu, halafu Kukhu, halafu wengine. Watu wanane. Nikahesabu tena kwenye picha, nikidonoa kila kichwa kwa kidole, kabla ya kuitia kwenye fremu. Sasa imetundikwa sebuleni kwa Kukhu, kando ya ile picha ya babu ya kitambulisho. Kukhu bado yuko, na bado anakataa kuuza ng'ombe.

Ndugu msomaji, likizo ya Desemba inakuja. Ukienda kwenu, keti na jamaa yako mwandike orodha kabla ya kwenda sokoni. Ukimaliza, mpe mzee wenu aisome, au umsomee, umuulize kama kuna aliyesahauliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hayo machache naweka kalamu yangu chini.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.