Kinacholea na Kinachovunja Ung'ang'anivu wa Mwanafunzi wa Kagera

Ung'ang'anivu katika masomo, yaani tabia ya kushikilia lengo la muda mrefu hata vikwazo vinapozidi, ulipata umaarufu katika saikolojia mwaka 2007, pale Angela Duckworth wa Marekani na wenzake walipochapisha utafiti ulioupima kwa sehemu mbili: udumifu wa juhudi, ambao ni kuendelea na kazi inapokuwa ngumu, na uthabiti wa shauku, ambao ni kutobadili malengo kila mara. Miaka kumi baadaye Marcus Credé na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha watu zaidi ya 66,000, wakabaini kwamba uhusiano wa sifa hiyo na ufaulu ni mdogo kuliko ulivyotangazwa, na kwamba sehemu yenye uzito ni ile ya juhudi. Kwa mzazi na mwalimu, basi, lenye manufaa si kujua mtoto yupi anao ung'ang'anivu, bali ni nini kinachoulea na nini kinachoumaliza.

Kagera, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hilo. Tangu wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, elimu imekuwa heshima ya ukoo mzima katika Bukoba na Muleba, na fedha za kahawa zimelipa ada za vizazi kadhaa. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, akapewa upadri mwaka 1943 na kuwa kardinali mwaka 1960, husimuliwa mara nyingi kama mfano wa bidii ya mtu mmoja. Lakini masomo ya miaka mingi namna hiyo, yaliyompitisha katika seminari ya Rubya, yasingewezekana pasipo bweni, chakula, vitabu na walimu waliotarajia afike mwisho, mambo ambayo wasimulizi huyaruka.

Ushahidi mzito zaidi ulitokana na msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kuanzia mwaka 1991 watafiti walianza kufuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huo, wakazirudia mwaka 2004, wakati watoto wa awali walikuwa watu wazima. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, walipowalinganisha waliofiwa utotoni na wasiofiwa, waligundua kwamba kufiwa na mama kulimpunguzia mtoto takriban mwaka mmoja wa shule na sentimita 2 za urefu. Urefu hauongezwi kwa nia njema. Ikiwa pengo hilohilo la malezi lilipunguza kimo na elimu kwa pamoja, ni vigumu kuendelea kudai kwamba aliyeacha shule alikosa moyo tu.

Gharama nazo zina sehemu yake. Ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kikwazo kimoja kiliondoka, ingawa sare, chakula na umbali wa shule vilibaki. Na Septemba mwaka huohuo tetemeko la ardhi liliharibu majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, hata wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine ili waendelee na masomo. Uvumilivu wao ulihitaji nafasi darasani kwingine.

Jambo linalosahaulika zaidi ni lugha. Mtoto wa kijijini huanza na Kihaya nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo, hata lile aliloliweza vizuri, likiwa kwa Kiingereza. Saikolojia huita imani ya mtu kwamba anaweza kulifanikisha jambo fulani kuwa ni imani ya uwezo binafsi, na imani hiyo hujengwa hasa na mafanikio madogo yanayofuatana. Mwanafunzi anayeelewa fizikia lakini hawezi kuliuliza swali lake huyakosa mafanikio hayo wiki baada ya wiki, akanyamaza, na mwalimu mwenye darasa lililojaa kupita kiasi akauhesabu ukimya huo kuwa uvivu.