UMEGONGWA NA MZIGO, DAMU IMEVILIA? BARIDI KWANZA, MAJI YA MOTO BAADAYE

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni! Leo tuweke pembeni mambo ya picha, bei na wale wateja wa "mwisho shilingi ngapi" wanaopotea ukishawajibu. Tuongelee mwili. Wengi wetu hatuna likizo ya ugonjwa yenye malipo, na mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Mguu ukivimba, oda hazifungwi.

Mimi nauza vyombo vya nyumbani. Kwenye kazi zetu kugongwa ni kawaida: kona ya boksi inakupata pajani, belo la kilo 45 linateleza na kukuangukia mguuni, ukishuka kwenye bodaboda unajigonga goti. Ngozi haichaniki, damu haitoki nje, ila baadaye panavimba na kubadilika rangi. Hapo hakosekani mtu mwenye huruma wa kukwambia, "Chemsha maji ukande." Nia ni njema, ila muda wake bado.

KWA NINI BADO?

Ukigongwa, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi inapasuka. Damu inavuja na kubaki humo ndani, ndiyo tunasema imevilia. Joto linatanua mishipa, na kukanda kwa nguvu kunaumiza zaidi pale palipopasuka. Matokeo yake damu inaendelea kuvuja na uvimbe unaongezeka. Baridi inafanya kinyume: inabana mishipa na kutuliza maumivu.

SIKU 2 ZA KWANZA

1. Pumzisha sehemu iliyoumia. Kama ni mguu, kaa uuinue juu ya mto, upite usawa wa moyo ukiweza.
2. Weka kitu cha baridi dakika 10 hadi 20, kisha ondoa. Rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu ifunge kwenye kitambaa, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, itaiunguza. Huna friji? Chupa ya maji baridi ya kwa Mangi inatosha, au kanga iliyoloweshwa maji ya mtungi.
3. Maumivu yakizidi, paracetamol inafaa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aspirini na ibuprofen zinaweza kufanya damu iendelee kuvuja. Ila kama daktari ndiye aliyekuandikia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache bila kumuuliza.
4. Dawa ya kuchua iache kwanza. Na usitoboe wala kuchanja ili "kutoa damu mbaya". Hiyo ni kufungulia vijidudu mlango.

BAADA YA SIKU 2

Sasa yale maji ya moto yana kazi. Yawe ya uvuguvugu, sio ya kuunguza. Weka kitambaa taratibu bila kukandamiza. Joto sasa linasaidia damu kuzunguka na ile iliyovilia kuondoka.

Mwezi uliopita binti anayenisaidia kufunga mizigo aliangukiwa pajani na boksi la sufuria. Mama jirani alikuwa ameshabandika maji jikoni. Nikamwambia, "Ahsante mama, hayo tutayatumia keshokutwa." Tukaanza na chupa ya baridi, binti akafunga oda zilizobaki akiwa amekaa, mguu juu ya kreti. Siku ya tatu mama mwenyewe ndiye aliyemkanda, taratibu.

RANGI ISIKUTISHE

Alama huanza nyekundu au zambarau, ikaja kijani, halafu njano au kahawia. Ni mwili unavunjavunja ile damu na kuisafisha. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizi hazionekani vizuri, unaweza kuona weusi uliozidi tu. Kwa hiyo pima kwa kugusa pia: panauma? Pamevimba? Kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2 hivi.

HAPA ACHA ODA, NENDA HOSPITALI

- Umegonga kichwa, kisha unatapika, unasinzia, umechanganyikiwa au kichwa kinazidi kuuma.
- Huwezi kukanyaga au kukunja kiungo. Huenda mfupa umevunjika.
- Uvimbe ni mgumu, unakua haraka, maumivu ni makali au kuna ganzi.
- Umegongwa tumboni na maumivu hayaishi, au jicho limeumia na huoni vizuri.
- Alama zinatokea bila kugongwa, au fizi na pua zinatoa damu. Hilo linahitaji kipimo cha damu.
- Zimepita wiki 2 na hakuna nafuu.

Na hii ni kwa dereva wako wa bodaboda pia. Akianguka na mzigo wako, swali la kwanza liwe "umeumia wapi?" Habari ya mzigo ifuate baadaye. Mteja mwambie ukweli: "Dada, dereva amepata ajali, mzigo utafika kesho." Wengi wanaelewa, na asiyeelewa mrudishie hela yake. Oda nyingine itakuja.

Ushauri wangu wa leo: gandisha chupa moja ndogo ya maji, iandike USINYWE, ikae tayari. Kama huna friji, ongea na jirani mwenye nayo.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayebeba mizigo. Wewe kwenye biashara yako ni kitu gani kinakugonga mara kwa mara? Tuambie hapo chini, tusaidiane namna ya kukipanga vizuri.