Nani Kashika Kijiwe?

Oya, grupu letu la WhatsApp la kijiwe cha Ng'ambo, Tabora, lina kelele kushinda stendi. Msimu wa maembe ndo usiseme. Juzi nikasema ngoja nilichimbe kisomi. Masela nikawaomba ruhusa kwanza, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na bifu la kijiwe lina uzito kuliko sheria yoyote. Wakakubali. Majina nikayageuza namba.

Zamani watafiti walikuwa wanachota Twitter bure. 2023 bomba likafungwa, mzigo ukawa wa kulipia. WhatsApp yenyewe inakutolea mazungumzo kama faili la maandishi. Nikalisukuma kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, mistari kama kumi hivi (sio ya kurap): nihesabie neno gani linatembea sana humu. Nabonyeza, namba moja ni "omitted". Nikadata. Nani huyu anamwaga Kizungu Ng'ambo? Kumbe kila picha na stika, ukitoa faili bila hizo, simu inaacha alama ya "Media omitted". Yaani kijiwe kizima ni stika! Nikafuta, zikapanda "na", "ya", "wa". Nazo nikafuta. Ndo likaja "xaxa", chini yake "sasa", mashine inaona ni watu wawili. "Nimekula", "tumekula", "hajala": msosi ule ule, yenyewe inahesabu maneno matatu.

Upande wa hisia, kuna data ya 2023 inaitwa AfriSenti, twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kimo, watu wamekaa wakaziwekea alama moja moja. Fresh kabisa. Mimi kwa uvivu nikailisha programu orodha ya maneno mazuri na mabaya ya kamusi. Ikakutana na "hatari", "noma", "balaa", ikatangaza msiba. Dogo alikuwa anasifia wali. Na salamu za "mwangaluka" za asubuhi ikazipita kama haijaziona.

Kilichonimaliza ni ramani. Nukta ni mtu, mstari ni nani anamdakia nani ndani ya dakika mbili. Makadirio tu, faili halionyeshi nani kamjibu nani. Nilijua katikati atakaa yule mwana anayeandika magazeti. Wapi! Yuko pembeni, anajijibu mwenyewe. Katikati kakaa dada wa chapati: "ipo", "njoo", "kamuulize kaka". Boda wanapita kwake, wa tumbaku kwake, wa chuo kwake. Mtoe, grupu linakatika vipande vitatu.

Nikacheka, si ndo Tabora yenyewe? Karne ya 19 misafara ikitoka Bagamoyo, hapa njia zinaachana, huku Ujiji, huku Karagwe mpaka Buganda. Treni nayo: Kigoma huku, Mwanza huku.

Nikampelekea dada ramani. Akaitazama nukta yake, akageuza simu, akauliza kama hiyo kitu inaweza kuonyesha nani hajalipa chapati tangu mwezi uliopita. Naiandika. Ishu ni kwamba mdaiwa namba 7 ni mimi.